Skrubu ya Mafuta na Hewa ya Gitega

Ukiondoka Bujumbura kwa barabara ya RN1, mlima unaanza kabla injini haijapata moto sawasawa. Jiji liko mita 775 hivi juu ya usawa wa bahari, pembeni ya Tanganyika. Bugarama, pale inapochepuka barabara ya Muramvya na Gitega, imepita mita 2,000, na kati ya hapo na hapo ni chini ya kilomita 50 za kona tupu. Humo ndimo walimo vijana wa baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeng'ang'ania nyuma ya lori, wanavutwa kupanda. Pikapu iliyoongezwa mafuta ovyo ikipita, wingu jeusi linawafunika wao. Mwenye gari hulitazama wingu hilo kwenye kioo na kudhani ni nguvu. Ni masizi ya mafuta aliyoyalipia, yaliyokosa hewa ya kuyaunguza.

Nimekaa na injini za dizeli miaka mingi, Gitega kisha Muyinga, na kila kijana anayekuja kujifunza kutuni injini ya turbo huanza na swali moja: "Fundi, skrubu ya mafuta iko wapi?" Namwonyesha, halafu namwomba aiache kwanza. Kutuni ni kulinganisha vitu vitatu, yaani hewa, mafuta na wakati wa kuyapuliza mafuta hayo ndani ya silinda. Mafuta ndiyo mepesi kuongeza kuliko vyote, kwa hiyo ndiyo yanayoharibu injini nyingi kuliko vyote. Katika nchi ya milima kama hii, hesabu huanzia kwenye hewa.

Kwa uzito, gramu moja ya dizeli inahitaji gramu 14 na nusu hivi za hewa ili iungue yote. Lakini ndani ya silinda mafuta hayapati muda wa kuchanganyika vizuri, kwa hiyo injini ya dizeli huanza kutoa moshi mweusi hewa ikishuka chini ya gramu 18 hivi kwa gramu moja. Chukua lita moja ya mazutu, kama tunavyoiita dizeli huku. Ina uzito wa gramu 840 au karibu na hapo, kwa hiyo inataka kilo 15 za hewa ili iungue bila moshi. Hewa ya Gitega, kwenye mita 1,500, ina uzito wa kilo moja tu kwa kila mita moja ya ujazo. Maana yake lita moja inameza mita 15 za ujazo, chumba kidogo cha kulala kizima kuanzia sakafuni hadi darini. Kule pwani ya bahari chumba hicho kingekuwa pungufu kwa mita mbili na nusu hivi. Ninapomweleza mwanafunzi hivi, humwona akitazama kuta za gereji kwa jicho lingine.

Injini isiyo na turbo haina la kufanya mbele ya hesabu hiyo. Inavuta kile ambacho anga limeipa, na Gitega anga linatoa pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na usawa wa bahari. Turbo ilipata heshima yake hapo. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905, wazo likiwa kuutumia moshi unaotoka kuzungusha gurudumu, na gurudumu hilo lisukume hewa mpya kuingia. Mwaka 1918 mhandisi Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, mita 4,300 hivi. Injini ile ilikuwa na nguvu ya farasi 350 kwenye usawa wa bahari. Kileleni bila turbo ilishuka hadi 230, na ilipofungwa turbo ikatoa 356. Kwa maneno mengine, turbo ilithibitishwa mlimani kabla haijawa kitu cha watu wa mbio.

Lakini turbo haitoi hewa bure. Tuseme geji ya presha kwenye dashibodi inasoma bar 1.0. Geji hiyo inaonyesha presha iliyozidi ile ya nje tu. Bujumbura presha ya nje ni bar 0.92, kwa hiyo injini inapata 1.92. Bugarama presha ya nje ni 0.78 hivi. Sindano imesimama palepale kwenye 1.0, na dereva hana wasiwasi, kumbe injini inapata 1.78. Hewa imepungua na mafuta hayajapungua. Ukitaka ile 1.92 irudi, turbo lazima izidishe hewa ya nje kwa mara 2.46 badala ya mara 2.09, na mhimili wake, ambao tayari unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, uzunguke kwa kasi zaidi. Hewa ikigandamizwa hivyo inapata moto. Hewa iliyoingia na nyuzi 25 inaweza kutoka na nyuzi 145 au zaidi, ndiyo sababu ya kuwa na intakula, ile rejeta ya hewa. Kama pikapu yako haina intakula, au mapezi yake yamezibwa na vumbi jekundu, kuongeza presha ya turbo ni kuongeza moto zaidi kuliko hewa.

Moto huo ndio adui mwenyewe. Aluminiamu ya pistoni huanza kuyeyuka hata kabla ya nyuzi 660. Pistoni inapona kwa sababu moto mkali unaigusa kwa kitambo kifupi tu, kisha hewa mpya na oili ya chini vinaipoza. Mafuta yakizidi hewa, kile kitambo kinarefuka. Kwa hiyo kabla ya kununua kitu kingine chochote, nunua geji ya joto la moshi, ile ambayo ncha yake inafungwa kwenye bomba la eksozi kabla ya turbo. Mimi huwaambia wanafunzi wasikubali kuona nyuzi 700 mlimani kwa zaidi ya sekunde chache. Geji ya maji haitoshi. Maji yanachelewa, na yanapoanza kupanda, silinda hedi huwa imekwisha kuumia.

Sasa turudi kwenye skrubu. Kwenye pampu za kizamani za kuzunguka, zile tunazozikuta kwenye Hilux na Isuzu za miaka ya nyuma, iko nyuma ya pampu karibu na mabomba ya nozeli, ina nati ya kufungia, na mara nyingi kiwandani walivalisha pete ya chuma ili isiguswe. Ukiikaza kuingia ndani mafuta yanaongezeka. Robo mzunguko ni nyingi. Thuluthi ya robo ni hatua ya mtu mwenye adabu. Tia alama kwa rangi kabla hujagusa, kwa sababu baada ya majaribio matatu hutakumbuka ulikotoka. Jua pia kwamba sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, itapanda na utalazimika kuirudisha kwa skrubu yake. Juu ya pampu za injini za turbo kuna kifuniko chenye kiwambo cha mpira ndani, kinachosukumwa na presha ya turbo ili mafuta yaongezwe pale tu hewa inapokuwa imefika. Kiwambo kikitoboka, gari linakuwa zito, na fundi asiyekijua hukimbilia skrubu ya nyuma. Baadhi ya pampu za dizeli za Toyota zina pia kifaa cha mwinuko kinachopunguza mafuta hewa inapokuwa nyepesi. Nimekikuta kimekatwa au kimezibwa mara nyingi, na kila mara mwenye gari alikuwa akilalamika juu ya moshi.

Neno moja kuhusu Land Cruiser za 1HZ, zile za silinda sita na cc 4,164 ambazo hazina turbo. Watu wanazifungia turbo ya kununua, nami nimeona zilizofanya kazi vizuri. Mgandamizo wake umepita 22 kwa 1, hivyo nafasi ya kosa ni ndogo sana. Si mahali pa kujifunzia.

Pikapu zilizofuata, kama Hilux za D-4D zenye injini za cc 2,494 na 2,982, hazina skrubu ya kugusa. Mafuta hukaa kwenye bomba moja la pamoja kwa presha inayoweza kupita bar 1,500, huku tairi lako likiwa na bar mbili na kitu tu. Kompyuta ndiyo inayoamua nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Inasoma uzito wa hewa inayoingia, presha ya nje, joto la maji, kisha inapunguza mafuta yenyewe ikiona imefika mlimani. Kuna visanduku vinauzwa kwa bei ya chini vya kuchomeka kwenye sensa ya bomba hilo. Kazi yake ni kuidanganya kompyuta kwamba presha ni ndogo, nayo inaongeza. Gari linakwenda, sikatai. Ila ile hesabu yote ya hewa ya Bugarama na Gitega imerukwa, na kompyuta inaamini inatoa mafuta ya kiasi kile ilichopanga wakati inatoa zaidi. Kwa anayeanza, kazi halisi kwenye injini hizi ni kumiliki kisoma misimbo ya kompyuta ya gari na kukaa nacho wiki nzima akitazama namba, gari likiwa la kawaida kabisa, hadi ajue uzima wake unafananaje.

Na kabla ya namba, mazutu yenyewe. Wakati wa uhaba wa mafuta, mtu anayepanga foleni siku mbili akakosa hununua kwenye bidoni, na hawezi kulaumiwa. Nozeli ya D-4D ina sehemu zinazoachana kwa sehemu chache tu za elfu moja za milimita. Tone la maji linatosha kuikwangua. Ninachofanya ni kitu kidogo. Nachota kwenye chupa ya kioo, naiacha usiku kucha dirishani. Asubuhi naishika dhidi ya mwanga. Mafuta mazuri yanaangaza kama chai ya rangi. Maji yanakaa chini kama kioo cha pili, yana mstari wake. Yakiwa na ukungu, hayaingii kwenye tangi kabla ya kutulia zaidi na kuchujwa. Halafu fungua kizibo cha chini ya chujio la dizeli, toa maji yaliyojikusanya, funga. Nimeona watu wakilipia kutuniwa gari ambalo dawa yake ilikuwa kizibo hicho.

Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kwangu alileta pikapu ya mjomba wake, injini ya zamani ya turbo, pampu ya kimekanika, haina intakula. Kazi yake ni kupeleka saruji Muyinga kutoka Gitega kupitia Karuzi na kurudi na maharage. Mjomba alitaka nguvu. Tuliweka mifuko 20 ya saruji, tukachagua mlima mmoja mrefu njiani, gia ya tatu, mzunguko ule ule, saa ile ile ya asubuhi. Kijana alikaa na daftari pembeni yangu. Safari ya kwanza presha ilifika bar 0.45, moshi nyuzi 600, na wingu la kijivu nyuma. Siku iliyofuata, kwa vile alitaka kuona mwenyewe, nilimruhusu akaze skrubu kidogo, ile thuluthi ya robo. Presha ikawa 0.5, nyuzi 690 na bado zinapanda, kioo cha nyuma cheusi. Niliachia mguu kabla hatujafika juu.

"Mafuta yameongezeka, mbona nguvu haipo?" akauliza.

Nikamwambia arudishe skrubu kwenye alama ya rangi, kisha aoshe bomba la mpira linalotoka kwenye turbo kuingia kwenye injini. Alipolifuta kwa kitambaa, chini ya klipu ya pili palikuwa na doa la oili na masizi, limechorwa kama mshale. Tukaziba njia ya kuingilia turbo, tukatia hewa ya kompresa ya matairi, nusu bar tu, tukapaka maji ya sabuni. Povu likachemka palepale kwenye doa. Mpasuko wenyewe ulikuwa mfupi kuliko ukucha, na ulifunguka tu presha ilipoingia. Ndiyo maana aliyewahi kulikagua gari limesimama hakuuona.

Mpira mpya na klipu mbili, chujio jipya la hewa kwa sababu la zamani lilimwaga vumbi tulipoligonga. Tulirudi kwenye mlima ule na saruji ile. Presha 0.75. Nyuzi 560. Kijana aligeuka mara mbili kutazama nyuma, hakuona kitu.

Tuliingia Muyinga jua likiwa limepanda. Vijana wa kupakua walikuwa wameshashika mifuko, na mkono wa mwanafunzi wangu ulikuwa tayari kwenye ufunguo kuzima. Nikamzuia, dakika mbili, ili oili iendelee kupita kwenye mhimili wa turbo wakati unapoa, kwa sababu ukizima ghafla baada ya mlima oili inaungulia humo na kuwa mkaa. Akaziandika namba za safari akingoja. Kwenye mstari wa skrubu aliandika: kwenye alama, nati imekazwa.