Masikio ya Mwanangu

Mwanangu alipoingia darasa la pili alianza kukataa kunyolewa. Alitaka nywele zifunike masikio, kwa sababu wenzake walimwita Popo. Nilimwambia awapuuze. Usiku mmoja nikamkuta amelala na khanga yangu aliyoikaza kichwani, masikio yamebanwa. Kesho yake tulikwenda kwa daktari.

Daktari alinionyesha kwa kidole: sikio huwa na mkunjo wa gegedu upande wa juu. La mwanangu halikuwa nao, ndiyo maana lilichomoza. Kusikia kwake hakukuwa na kasoro, ila umbo la masikio lingeweza kurekebishwa kwa upasuaji.

Upasuaji huu si mgeni; Edward Ely aliueleza huko New York mwaka 1881. Kwa kawaida hufanywa kuanzia miaka 5 au 6, sikio likishakaribia ukubwa wa mtu mzima. Daktari hupasua nyuma ya sikio, hukunja gegedu na kulishikiza kwa nyuzi, kisha hufunga bendeji. Kwa mtoto mchanga, gegedu likiwa bado laini, kifaa maalumu kinaweza kulirekebisha bila kisu.

Nilichoogopa ni keloidi, kovu linalovimba, ambalo huwapata zaidi wenye ngozi nyeusi kama sisi. Mama yangu analo begani. Nililisema hilo mapema, nikaelezwa hatari yake.

Uamuzi tulimwachia mtoto, naye alikubali mwenyewe.

Mzazi mwenzangu, usimpeleke mwanao kwenye kisu kwa aibu yako wewe. Muulize kwanza, na umsikilize.