Mwaka wa msingi wa sanaa: Mambo ya kujua kabla ya kuchagua njia

Familia yenye kijana anayetaka kusomea sanaa au usanifu hapa England iiweke mapema tarehe 31 Agosti kwenye kalenda. Ikiwa siku hiyo, katika mwaka anaoanza masomo, kijana hajafikisha miaka 19, kwa kawaida anaweza kusoma mwaka mzima wa msingi bila kulipa ada, tena katika chuo cha karibu na nyumbani. Akiwa amekwisha kutimiza 19, anaingia kwenye hesabu nyingine: mkopo, ruzuku yenye masharti, au fedha za mfukoni. Watoto wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kutenganishwa na maelfu ya pauni.

Familia nyingi katika jumuiya yetu hulijua jambo hili wakati umekwisha pita. Kijana husukumwa kwanza kwenye masomo asiyoyapenda, hurudia mwaka, na anapokuja kusema wazi kwamba moyo wake uko kwenye usanifu, umri wa kusomeshwa bure umempita. Ndiyo maana makala haya yanaeleza njia zilizopo, gharama zake na maandalizi yake. Yanahusu England pekee; Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zake.

Mwaka huu ni wa nini

Sekondari humfundisha mwanafunzi kutimiza vizuri alichoelekezwa. Chuo kikuu humtaka mtu aliyekwisha kuchagua: uchoraji, ufinyanzi, mavazi, uhuishaji, usanifu wa bidhaa. Mwaka wa msingi, ambao vijana wetu wanauita faundesheni, uliwekwa katikati ili uchaguzi huo ufanywe kwa mikono na macho, si kwa kubahatisha.

Wazo lenyewe lina asili Ujerumani. Katika shule ya Bauhaus, iliyofunguliwa Weimar mwaka 1919, wanafunzi walianza na somo la utangulizi la Johannes Itten, wakijaribu vifaa vya aina nyingi kabla ya kuingia karakana maalumu. Miaka ya 1950 Victor Pasmore na Richard Hamilton walifundisha kwa mwelekeo huo Newcastle. Kisha mwaka 1960 kamati ya kitaifa iliyoongozwa na mchoraji William Coldstream ikapendekeza kwamba anayetaka diploma ya sanaa apite kwanza kwenye masomo ya maandalizi.

Kwa hiyo wanaouita mwaka wa waliofeli wanaukosea haki. Wapo wanaouingia wakiwa na alama za juu kabisa za A-level, kwa sababu wanataka kujua fani yao kabla ya kujifunga nayo kwa miaka mitatu.

Mfano ulio karibu nasi wa aliyeipata fani yake kwa kujaribu ni mfinyanzi Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na mwaka 1971 alikuja Cambridge kusoma, akiwa na mwelekeo wa grafiki. Akiwa England ndipo alipougundua ufinyanzi. Akausomea Farnham, kisha Royal College of Art, na leo kazi zake zimo British Museum. Mwaka 2018 aliteuliwa kuwa mkuu wa University for the Creative Arts, na mwaka 2020 akatunukiwa cheo cha Dame. Fani iliyomjengea jina siyo aliyoijia. Aliipata kwa sababu alipewa nafasi ya kuigusa.

Mwaka unavyokwenda

Majuma ya mwanzo mwanafunzi huzungushwa: kuchora kutoka kwenye umbo hai, kupiga chapa, kushona, kufinyanga, kupiga picha, kutengeneza video, kukata mbao au chuma. Baada ya hapo huchagua mwelekeo, kwa mfano sanaa za uchoraji na uchongaji, mawasiliano ya picha, mavazi na nguo, au usanifu wa vitu na majengo. Sehemu ya mwisho ni mradi wake mwenyewe: anaandika pendekezo, anafanya utafiti, anatengeneza, na kazi inawekwa kwenye maonyesho ya kufungia mwaka.

Wazazi waelewe kwamba kinachopimwa si picha ya mwisho peke yake. Daftari la michoro lina uzito mkubwa, kwa sababu ndilo linaloonyesha alikotoka, alichojaribu, kilichoharibika na alivyokirekebisha.

Jambo moja huwaelemea watoto wetu hasa. Kila mara darasa hukaa kuzijadili kazi za wanafunzi, na kila mmoja hutakiwa kuitetea yake na kuikosoa ya mwenzake, mwalimu akiwepo. Kijana aliyelelewa kunyamaza mkubwa anapozungumza anaweza kukaa kimya muhula mzima, na kimya chake kikachukuliwa kuwa hana fikra. Mzazi anaweza kumsaidia hapa hata kama hajui kuchora: amwambie mtoto aeleze kazi yake mezani, kwa Kiswahili au Kiingereza, na amuulize kwa nini rangi hii, kwa nini kitambaa hiki. Akizoea kujibu nyumbani, darasani hatatetemeka.

Njia mbili

Njia ya kwanza ni diploma inayojitegemea, ambayo kwa kawaida huitwa Foundation Diploma in Art and Design. Hutolewa na vyuo vya kawaida vya elimu ya ziada na pia baadhi ya vyuo vikuu, na mara nyingi maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni. Mwisho wa mwaka mwanafunzi anapata cheti kamili na yuko huru kuomba shahada popote. Diploma ya UAL, mojawapo ya bodi zinazotoa vyeti hivi, hutoa alama 80 za UCAS, mfumo wa maombi ya vyuo vikuu, kwa aliyefaulu, 96 kwa aliyefaulu vizuri na 112 kwa aliyepata daraja la juu. Hizo 112 ni sawa na B mbili na C moja za A-level.

Njia hii ndiyo yenye ile tarehe ya 31 Agosti. Aliye chini ya miaka 19 siku hiyo hugharimiwa na serikali, na chuo kina mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wenye kipato kidogo kununua vifaa na kulipa nauli. Wengine, kama vijana waliolelewa chini ya halmashauri, wanaweza kupewa hadi pauni 1,200 kwa mwaka. Tena, kozi ikiwa ya daraja la 3, familia inaweza kuendelea kupata Child Benefit hadi kijana atimize miaka 20, mradi awe ameanza kabla ya kufikisha 19. Vyuo vingine hufundisha diploma hii kwa daraja la 4, ambalo halihesabiwi hivyo. Ulizeni daraja kabla ya kukubali nafasi.

Aliyevuka umri asidhani amefungiwa. Wa miaka 19 hadi 23 ambaye hajawahi kupata cheti kamili cha daraja la 3 anaweza kugharimiwa, na wengine wanaweza kuomba Advanced Learner Loan, mkopo usioangalia kipato cha familia. Mkopo wa kawaida wa shahada hautolewi kwa diploma hii.

Njia ya pili ni mwaka wa msingi ulio ndani ya shahada. Kozi inakuwa ya miaka minne, inaombwa kupitia UCAS, na mwanafunzi anastahili mkopo wa ada na wa kujikimu tangu mwaka wa kwanza. Akifaulu anaendelea palepale. Kasoro yake ni kwamba akitaka kuhamia chuo kingine baada ya mwaka huo, huenda asikubaliwe, kwa kuwa hana cheti kinachojitegemea.

Ada nayo itazamwe vizuri. Tangu mwaka wa masomo 2025/26, mwaka wa msingi wa masomo ya darasani, kama biashara na sayansi ya jamii, umewekewa kikomo cha pauni 5,760. Sanaa na usanifu, kwa sababu ya karakana zake, havimo katika kikomo hicho. Kwa masomo hayo, mwaka 2025/26 chuo kiliruhusiwa kutoza hadi pauni 9,535. Miaka minne kwa kiwango hicho ni pauni 38,140 kabla ya chakula na malazi.

Mkopo, riba na makaratasi

Walioanza shahada tangu Agosti 2023 hurudisha asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na deni hufutwa baada ya miaka 40. Mwenye mshahara wa pauni 30,000 hukatwa pauni 450 kwa mwaka. Asiyefikia kiwango hicho hakatwi kitu.

Kwa Waislamu wengi wa jumuiya yetu, suala zito ni riba. Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2017 iliipa serikali uwezo wa kuanzisha ufadhili usio na riba, lakini utekelezaji umecheleweshwa mno. Kwa familia isiyotaka mkopo kabisa, mwaka wa bure kabla ya miaka 19 una thamani kubwa zaidi, maana unapunguza mwaka mmoja wa kutafuta ada.

Hadhi ya uhamiaji nayo huamua mengi. Mwenye hadhi ya ukimbizi, kama ndugu zetu wengi kutoka Kongo na Burundi, kwa kawaida anastahili mkopo wa shahada. Kijana mwenye kibali cha muda anaweza kustahili ikiwa ameishi hapa nusu ya umri wake, kwa masharti ya ziada. Baadhi ya vyuo vikuu hutoa ufadhili kwa wanaosubiri uamuzi wa hifadhi. Pelekeni makaratasi kwa mshauri wa chuo miezi kadhaa kabla ya maombi.

Potifolio inaanzia nyumbani

Wanaochagua wanafunzi wanataka kuona kijana anavyotazama na kufikiri. Michoro iliyonakiliwa kutoka kwenye simu haiwaambii chochote. Kwetu kuna hazina: ukili wa mkeka, mpangilio wa pindo na mji wa kanga, michoro ya hina, kofia za kushonwa kwa mkono. Kijana achore mikono ya bibi ikifanya kazi, ajaribu ruwaza ileile kwa karatasi, uzi na chapa, na ayaweke majaribio yote.

Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kusomea usanifu wa jukwaa la maigizo Wimbledon, ameifanya kanga kuwa sehemu ya sanaa yake. Mwaka 2017 alishinda Turner Prize, na alichaguliwa kuiwakilisha Uingereza Venice Biennale ya 2026. Kile kilichomo sandukuni mwa mama kinaweza kufika huko.

Kutazama kazi za wengine hakuhitaji fedha nyingi. Kuingia Tate Modern, V&A na British Museum kuona makusanyo yao ya kudumu ni bure. Katika ghala la V&A East Storehouse, lililofunguliwa Stratford mwaka 2025, mtu yeyote anaweza kuagiza hadi vitu vitano na kuvitazama kwa karibu.

Wazazi, kipato cha fani hizi hakina uhakika miaka ya mwanzo, na hofu yenu ni ya haki. Lakini anayemkataza mtoto bila kujua gharama wala njia anakataza gizani. Nendeni naye kwenye siku ya wazi ya chuo msimu wa vuli, mkaulize daraja la diploma, gharama za vifaa, na wahitimu wa mwaka jana wameendelea wapi. Mkirudi, amueni pamoja. Na familia ambazo watoto wao wamekwisha kupita njia hii zisikae kimya. Kwenye mkutano ujao wa jumuiya, simameni muwaeleze wenzenu.