KUVU WA MAHINDI NAYE HUPUMUA



Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda. Sababu ilikuwa sumukuvu. Baada ya siku chache iliyaruhusu, lakini kwa masharti: mzigo uwe na cheti kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni 1. Sisi wa Horohoro tuko mpakani, jambo hili latuhusu. Tena siyo biashara tu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafa.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu anayeota kwenye mahindi na karanga. Kuvu ni kiumbe hai, ila hana mdomo. Hutoa majimaji ya kulainisha punje, halafu hufyonza chakula kwa ngozi yake. Ndiyo maana pasipo unyevu hawezi kula.

Je, hupumuaje? Chakula kikivunjwa mwilini mwake, hutoka chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Chembe hizo hupokezanwa katika utando mwembamba, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Katika kupokezana huko kuvu hupata nguvu. Wa mwisho kupokea ni oksijeni, iliyomo katika hewa. Wa mwisho asipokuwepo, mstari wote husimama. Hata sisi binadamu twapumua hivyo hivyo.

Basi, tuna silaha mbili.

Kwanza, kausheni. Anikeni mahindi juu ya turubai, siyo chini kwenye udongo. Unyevu usizidi asilimia 13. Kupima, tia mahindi na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu. Funga, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Rudisha juani.

Pili, zuieni hewa. Mahindi yakikauka, yatieni katika mifuko isiyopitisha hewa, mfunge barabara. Mabichi msiyafunge kamwe.

Kumbukeni: kuvu akifa, sumu yake haifi. Kupika hakuiondoi. Punje zenye kuvu zitengeni, wala msiwape kuku.

Jadilini kikundini: Hapa kwetu mahindi huanikwa wapi? Nani huyapima kabla ya kufunga magunia?