Kwa nini tairi la baiskeli ni ghali kuliko linavyoonekana?

Mteja akiingia duka la vipuri hunung'unika: tairi jembamba namna hii, bei yote hiyo ya nini? Muuzaji naye hujibu kuwa ndivyo alivyonunua. Wiki hii tunaitazama hesabu yenyewe, maana mwenye mtaji mdogo akiikosea, fedha zake hulala rafuni.

Tupime kwa kilo. Tairi la baiskeli ya mizigo lina uzito wa gramu 800 hivi, la gari dogo kilo 8 hivi. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme la gari ni sh. 120,000 na la baiskeli sh. 16,000. Kwa kilo moja, la gari ni sh. 15,000 na la baiskeli sh. 20,000. Jembamba ndilo ghali.

Sababu ya kwanza ni kwamba malighafi si gharama yote. Matairi yote huhitaji mpira, masizi, salfa, nyuzi na waya. Lakini kila tairi lazima liundwe, liingizwe katika kalibu, lipikwe kwa joto na shinikizo, kisha likaguliwe. Kazi hizo huhesabiwa kwa tairi, si kwa kilo. Tairi likiwa dogo mara kumi, gharama za mikono na mashine hazipungui mara kumi. Isitoshe, utengenezaji wa matairi ya magari umeachiwa mashine zaidi, wakati ya baiskeli bado yana kazi nyingi ya mkono.

Sababu ya pili ni njia ya sokoni. Muagizaji, muuzaji wa jumla na wa rejareja kila mmoja ana kodi ya pango, usafiri na mishahara. Bidhaa ya bei ndogo hubeba gharama hizo kwa asilimia kubwa zaidi.

Sababu ya tatu ni wepesi. Ulaya, tairi la baiskeli ya mbio lisilofika gramu 300 huweza kukaribia bei ya tairi rahisi la gari, kwa kuwa nyuzi zake ni nyembamba na mpira wake ni wa kuchaguliwa.

Kwetu Afrika Mashariki, kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na Sameer Africa ilifunga kiwanda chake cha Nairobi mwaka 2016. Leo mengi ya matairi yetu hutoka nje, yakiwemo ya Uchina na India. Dola ikipanda, bei hufuata.

Mfanyabiashara afanye nini? Asinunue kwa inchi peke yake. Tairi la 28 x 1 1/2 hukaa kwenye rimu ya milimita 635, lakini lipo la inchi 28 linalokaa kwenye rimu ya 622, nalo haliingiliani na hilo. Vivyo hivyo 26 x 1 3/8 ni 590, na 26 x 2.125 ni 559. Soma namba ubavuni kabla ya kulipia mzigo. Anayekosea hubaki na shehena isiyo na mnunuzi.

Pia usiyatundike juani kama mapambo ya duka. Mpira hupasuka, na faida ya tairi moja haifidii hasara ya jingine lililoharibika. Uza kwanza yaliyotangulia kuingia.