Unataka Kukata Kilo 30? Kabla ya Daieti, Panga Watu Wako

Mombasa ukinenepa unapongezwa. "Mashallah, maisha yamekukubali!" Ukianza kukonda, mtaa unaitisha kikao. Ni mawazo? Ni yule mume? Ama ni ule ugonjwa? Hakuna anayeuliza kama umeamua mwenyewe. Kwa hivyo msee wa Likoni, Kisauni ama Changamwe akiamua kukata kilo 20 au 30, kitu cha kwanza kumsumbua ni watu, chakula kinakuja baadaye. Nani atamsapoti, nani atamwambia ukweli, na nani anataka tu doo zake.

Hapa hatuongelei zile kilo mbili za baada ya Idi, hizo zitaenda zenyewe. Tunaongelea mtu ambaye ngazi za ghorofa ya pili zinamtoa jasho, magoti yanalia akishuka mathree, na usiku anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta. Hawa si wachache. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2015 ulipata kwamba asilimia 27 ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 uzito wao umezidi. Wanaume ni asilimia 17.5, wanawake ni 38.5. Yaani madada watano wakikaa barazani kusukana, karibu wawili wako kwa hiyo hesabu.

Na sisi huku tuna dera. Dera halina kiuno, halina zipu, halikwambii kitu. Unaweza kuongeza kilo 15 ndani ya dera moja na bado likakukaa poa. Jinzi ingekuwa ishakusema kitambo.

Kama hujui uko wapi, hesabu ni hii. Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako wa mita, halafu gawa tena kwa huo huo urefu. Ukipata 25 kwenda juu, uzito umezidi. Ukipata 30 kwenda juu, hiyo ni ya kuonana na mtu wa afya kabla hujaanza kuruka kamba. Dada wa mita 1.60 mwenye kilo 95 anapata 37. Mtu kama huyo akianza safari na ushauri wa TikTok peke yake, anacheza na mwili wake.

Anayekushauri anauza nini?

Andika tu kwa status kwamba unataka kukonda, uone. Ndani ya saa moja inboksi imejaa. Kuna wa chai, kuna wa vidonge, kuna wa sindano, na wote wana picha ya "kabla na baada" ya manzi ambaye hamumjui. Wanakuita "mpenzi" na "kipenzi" kuliko hata mtu wako.

Tuanze na chai. Nyingi ya hizi chai za kukonda zina senna. Kama jina ni geni kwako, muulize bibi yako, yeye anaiita sanamaki na anajua kazi yake: kuendesha tumbo. Unakimbia choo siku tatu, mizani inashuka kilo mbili, unapiga picha unapost. Kilichotoka ni maji na uchafu wa tumbo. Mafuta bado yamekaa pale pale, yanakungoja urudi.

Vidonge vina hatari zaidi. Kulikuwa na dawa inaitwa sibutramine, ilikuwa inakata njaa kweli kweli. 2010 ikatolewa sokoni Ulaya na Marekani, maana ilionekana inaongeza hatari ya shtuko la moyo na kiharusi. Lakini haikufa. Mpaka leo wakaguzi wa dawa nchi tofauti huwa wanaikuta imefichwa ndani ya vidonge vinavyouzwa kama "asili tupu", na kwa lebo haijaandikwa. Sasa wewe una presha hujui, unameza kitu kinachopandisha presha, na aliyekuuzia hata jina lake kamili huna.

Halafu sindano. Hizi za semaglutide, maarufu kama Ozempic, ni dawa ya ukweli na zinafanya kazi. Ozempic ilitengenezwa kwa wagonjwa wa kisukari, na ndugu yake Wegovy ikakubaliwa Marekani 2021 kwa kupunguza uzito. Tatizo ni njia inayokufikia. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, ya kuanza na dozi ndogo, ya kutunzwa kwa friji kabla ya kutumika. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu Ozempic feki zilizonaswa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama Uingereza yenyewe walipigwa na feki, ile uliyotumiwa na boda kutoka kwa mtu wa Instagram, imezunguka Mombasa kwa jua la saa saba, unaiaminije?

Upasuaji nao upo, na kwa mtu mwenye uzito wa hatari sana unaweza kuwa msaada mkubwa. Lakini utofautishe na kliniki za urembo za kunyonya mafuta. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa shughuli kwenye kliniki ya namna hiyo, na baraza la madaktari, KMPDC, likaifunga.

Kwa hivyo swali la kumuuliza kila mshauri ni fupi: nisiponunua kitu kwako, bado utanishauri? Wengi hapo ndipo wanakuacha na tiki mbili za buluu.

Na muguka tuumalize hapa hapa, maana kuna mabaharia wa maskani watakwambia tafuna tu utakonda. Unakata njaa, ndiyo. Lakini angalia unatafunwa na nini. Soda ya mililita 500 ina kama gramu 50 za sukari, sawa na vijiko vya chai 12, na hiyo peke yake inafikia kiwango cha juu cha sukari ya kuongezwa ambacho Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite kwa siku nzima. Ukikesha maskani na chupa tatu, fanya hesabu.

Wale wa bure ambao huwatumii

Mimi chuo niliachia njiani, kwa hivyo sijiiti daktari. Lakini kuuliza najua, na kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba mtaani kwako tayari kuna mtu wa kukuanzishia hii safari bila kukuitisha hata mbao. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, na kila mmoja akapewa begi. Ndani ya lile begi kuna mashine ya presha, kipimo cha sukari na mizani. Huyo ni yule mama wa nyumba ya tatu anayejua watoto wote wa mtaa. Mwendee. Mwambie, "Mama, nataka kujua nimesimama wapi kabla sijaanza kupunguza mwili." Atakupima, na namba zikiwa mbaya atakutuma kituo cha afya.

Likoni kuna hospitali ya kaunti ndogo. Changamwe mna Port Reitz. Kisauni mna vituo vya afya vya mtaani, na jambo likiwa zito unavuka daraja la Nyali unaenda Coast General. Ukifika uliza mtu wa lishe. Wengi wetu tunadhani kliniki ya lishe ni ya watoto waliokonda kwa njaa, na ukiingia na kilo 110 unaona kama umepotea mlango. Hujapotea, hiyo ni kazi yao. Foleni? Ipo, na inachosha. Beba maji na usiende siku ambayo lazima uwe kazini saa nne.

Ukiamua kwenda kwa mtaalamu wa kibinafsi, jua kwamba tangu 2007 Kenya ina sheria ya wataalamu wa lishe, na chini yake kuna taasisi ya KNDI inayowasajili. Uliza namba yake ya usajili. Aliyesoma hatakasirika. "Kochi" wa wiki mbili za video ndiye ataanza kukuuliza kwani humwamini.

Kuna watu ambao hii hatua hawawezi kuiruka. Kama unameza dawa za kisukari ama unajidunga insulini, ukikata chakula ghafla sukari inaweza kushuka mpaka uzimie, na hiyo ni pamoja na kufunga bila kumwambia daktari. Mjamzito na anayenyonyesha vilevile. Na hata ukiwa mzima, kukonda kwa kasi ya ajabu kunaweza kukuletea mawe kwenye kifuko cha nyongo. Mwendo unaopendekezwa sana ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kwa kilo 30 hiyo ni miezi saba hadi mwaka na kitu. Inaonekana mbali, lakini huhitaji kufika mwisho ndiyo uone faida: asilimia 5 ya uzito ikitoka tu, presha na sukari huanza kutulia. Kwa mtu wa kilo 110 hiyo ni kilo tano na nusu.

Sufuria ni ya mama

Sasa hapa ndipo vita vilipo. Unaweza kuwa na daktari, mtu wa lishe na viatu vipya vya mazoezi, halafu unarudi nyumbani unakuta sinia. Wali wa nazi, mchuzi, viazi, na watu sita wamekaa kuzunguka. Kwa sinia huwezi kujua umekula kiasi gani, mkono unafuata mikono. Na ukisema utapakua yako kwa sahani, kuna shangazi lazima aseme, "Siku hizi umekuwa mzungu?" Huku kwetu kukataa chakula ni kumkataa aliyepika.

Usianze na hotuba ya kalori. Mama hana haja nayo. Anza na presha, kwa sababu karibu kila nyumba kuna mtu inamsumbua. "Mama, nimepimwa, presha imepanda. Daktari ameniambia nipunguze mafuta na sukari. Nisaidie." Hapo umemfanya kuwa mwenzako kwenye hii kazi, na mama akishaingia upande wako, shangazi atanyamazishwa na yeye. Kama namba zako ziko sawa, usidanganye. Taja magoti ama usingizi, chochote ambacho kinakusumbua kweli.

Halafu omba vitu vidogo vinavyowezekana. Tui jepesi badala ya zito. Chai ya familia ichemshwe bila sukari, kila mtu ajitilie kwa kikombe. Samaki wa kuchoma ama wa kupaka siku ambazo angekaangwa. Mchicha uongezwe, wali upunguzwe. Mbaazi hazina kosa lolote, zina protini na nyuzinyuzi za kukushibisha. Lawama zipelekwe kwa tui zito na yale mahamri matano yanayosindikiza. Kula mawili. Mimi siamini mtu wa Mombasa anaweza kuishi mwaka bila mahamri, na daieti inayokwambia uache yote itakushinda kabla mwezi haujaandama.

Kama wewe ndiye unaishi kejani peke yako na unakula vibandani, mtu wako wa kuongea naye ni mama wa kibanda. Mteja wa kila siku ana sauti. Akikujua, atakuwekea maharagwe na sukuma nyingi na chapati moja bila kukuuliza.

Tafuta mbogi

2007 watafiti wawili, Nicholas Christakis na James Fowler, walichapisha matokeo ya kufuatilia watu 12,067 wa mji wa Framingham, Marekani, kwa miaka 32. Waliona kwamba rafiki yako akinenepa sana, uwezekano wako wewe kunenepa unaongezeka kwa asilimia 57. Mnakula pamoja, mnakaa pamoja, macho yanazoea. Lakini walitaja pia upande wa pili, kwamba mtandao huo huo wa marafiki unaweza kutumika kusambaza tabia nzuri.

Jean Nidetch alikuwa ameshaushtukia huo upande. Alikuwa mama wa nyumbani wa Queens, New York, mwenye kilo kama 97. 1961 alienda kliniki ya jiji, akapewa daieti, ikamshinda kuishikilia peke yake. Akaita mabeste sita sebuleni kwake, wakaanza kukutana kila wiki kupimana na kusemana ukweli. Ndani ya mwaka hivi alikuwa amekata kilo zaidi ya 30, na 1963 ile baraza ikawa kampuni, Weight Watchers.

Sisi kukutana kila wiki tumeanza zamani. Kina mama wa Likoni wana chama cha kununua sufuria, cha arusi, cha msiba. Fanyeni cha kilo. Watu wanne wanatosha. Jumamosi asubuhi, mizani ile ile, kabla ya chai, namba inaandikwa kwa daftari, na asiyekuja anatoa soo. Anayetoa soo ni asiyekuja, si aliyeongeza kilo. Ukimtoza mtu kwa kuongeza, wiki ijayo hatatokea. Na kwa grupu ya WhatsApp wekeni sheria moja: hakuna kuuza kitu.

Kutembea msilipie. Abiria wa miguu feri ya Likoni ni bure, na ule mpando wa kutoka chini ni mazoezi kamili ukiupanda bila kusimama. Watu wa Kisauni wana ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Pirates, mchanga wake unachosha miguu kuliko lami. Madada wanaotaka faragha wanaweza kutembea na buibui lao na raba chini, hakuna sheria ya taitsi. Ila nendeni mkiwa wawili watatu, na mitaa mingine subirini jua litoke. Mnajua zenu.

Katikati ya hao wanne chagua mmoja awe kama somo wako, yule wa kumpigia saa tatu usiku ukiwa umesimama mbele ya mtu wa viazi karai. Itafika wiki ya sita ama ya nane mizani igome kabisa, haishuki hata gramu, na huo ndio wakati dera litaanza kupwaya na jirani akuite pembeni kwa sauti ya chini: "Mwanangu, una nini?" Mwambie, "Nimepunguza mwili, nafuata ushauri wa hospitali, presha imeshuka." Halafu muulize yeye yake alipima lini.