Printa Haioni Wino, Inahesabu Matone

Mwendesha bodaboda ambaye geji yake ya mafuta imekufa hutikisa pikipiki, akatega sikio, na kwa jinsi mafuta yanavyocheza ndani ya tangi akajua kama atafika. Printa ya wino haina sikio la namna hiyo. Ule mchoro wa vikopo vya rangi unaojitokeza kwenye kompyuta, kimoja kikiwa nusu na kingine kikikaribia kukauka, huwafanya wengi waamini kwamba ndani ya katriji kuna boya linaloshuka pamoja na wino. Katika printa nyingi za nyumbani na za steshenari hakuna boya wala jicho. Kuna hesabu tu ya matone yaliyokwisha kurushwa tangu katriji ilipowekwa.

Tazama ukubwa wa tone lenyewe. Hupimwa kwa pikolita, na pikolita bilioni moja ndizo zinazotimiza mililita moja. Ikiwa tone ni la pikolita 5, basi mililita moja ya wino, ambayo haijazi hata kijiko cha chai, hutoa matone milioni 200. Printa hujua imeamuru matundu yake yarushe mara ngapi, huzidisha kwa ukubwa wa tone uliokadiriwa kiwandani, kisha hutoa jibu hilo kwenye kiasi ambacho katriji ilijazwa. Kinachobaki ndicho unachoonyeshwa.

Namna moja ya kurusha tone dogo hivyo iligunduliwa kwa ajali, na chombo kilichohusika kinanifurahisha kila nikikumbuka. Mwaka 1977, huko Japani, mtafiti wa kampuni ya Canon, Ichiro Endo, alikuwa kazini pale pasi ya moto ya kulehemu ilipogusa sindano ya bomba lililokuwa na wino. Wino ukachomoka kwenye ncha. Joto lilikuwa limezaa kiputo cha mvuke, na kiputo kikausukuma wino nje. Katriji nyingi za Canon na HP hadi leo hufanya kazi hivyo: nyuma ya kila tundu kuna kipande kidogo mno kinachopashwa moto kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kiputo kinavimba, tone linaruka. Epson walishika njia nyingine. Wao hutumia fuwele inayojikunja ikipitishiwa umeme, ikaukamua wino bila kuuchemsha. Na bomba la sindano la Endo ndilo hilohilo ambalo fundi wa kujaza katriji hulishika leo.

Kwa nini hesabu hupotoka? Wino wenye joto huwa mwepesi, na tone lake halilingani na la asubuhi ya baridi. Kila printa inapojisafisha hunyonya wino mwingi kwa mkupuo, na kiasi hicho nacho ni makadirio. Maji yaliyomo kwenye wino huvukizwa taratibu kupitia kitundu cha hewa, hasa katriji ikikaa wiki nyingi bila kazi, na mvuke huo hauhesabiwi na yeyote. Kisha watengenezaji huacha akiba kwa makusudi. Katika printa ambayo kichwa cha kuchapia hakitoki na katriji, hewa ikiingia humo ni kazi kuiondoa, kwa hiyo chipu ya katriji hutangaza wino umekwisha kabla haujakwisha kweli. Wateja Marekani waliipeleka Epson mahakamani kwa jambo hilo, na mwaka 2006 kampuni ikakubali kuimaliza kesi kwa suluhu bila kukiri kosa. Sababu ya kiufundi ni ya kweli, lakini naona mnunuzi ana haki ya kuambiwa waziwazi kwamba sehemu ya wino aliolipia itabaki ndani.

Canon waliwahi kuipa printa yao jicho dogo. Chini ya matangi ya wino kama CLI-8 kuna prizimu ya plastiki. Wino ukiwa umeifunika, mwanga unaomulikwa kutoka chini hupenya na kupotelea humo. Wino ukishuka, nyuma ya plastiki kunabaki hewa, na mwanga hurudi hadi kwenye kihisi. Ni ufundi mzuri sana, ila jicho hilo huona tukio moja tu: chumba chenye wino pekee kimekauka. Pembeni yake kuna chumba cha sponji ambacho bado kimelowa, na kwa huo uliobaki printa hurudi kwenye kuhesabu.

Sasa tuseme katriji imekwisha na umeijaza wino upya. Umetoboa au umefungua kitundu cha juu, umeingiza sindano hadi ndani ya sponji, umesukuma polepole ili hewa ipate pa kutokea. Haraka hapa ndiyo huharibu: hewa ikinaswa katikati ya sponji, wino hauwezi kushuka hadi kwenye matundu hata kama katriji ni nzito mkononi. Ukijaza kupita kiasi, sponji hushindwa kuushikilia na katriji huanza kudondosha. Unarudisha katriji, na kompyuta inasema bado ni tupu. Haikosei kwa kadiri ya inachojua. Kumbukumbu ya chipu nyingi huruhusu kiwango kishuke, hairuhusu kipande. Katriji nyingi za HP zenye kichwa chake chenyewe huendelea kuchapa hivyohivyo; nyingine hudai chipu iwekwe upya au ibadilishwe.

Kuanzia hapo, chombo cha kuaminika ni mizani. Pima katriji ikiwa mpya, uandike uzito juu yake kwa kalamu isiyofutika. Pima tena maandishi yanapoanza kufifia. Tuseme ilianza na gramu 42.0 na sasa ni 37.2: zimetoka gramu 4.8, karibu mililita 4 na nusu, kwa kuwa wino ni mzito kidogo kuliko maji. Siku nyingine ikisoma 40.0, unajua imebaki zaidi kidogo ya nusu, haijalishi kompyuta inasema nini. Mizani ya jikoni inayoruka gramu nzima haifai kwa katriji ndogo kama hii, maana gramu moja ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya wino wote. Tafuta inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, ya aina wanayotumia masonara.

Katriji ya rangi tatu huishinda hata mizani, kwani uzito hausemi kama kilichopungua ni njano au buluu. Hapo andika mililita ulizotia kila chumba, na uchape ukurasa wa kukagua matundu mara kwa mara. Usingoje mistari mieupe ienee ukurasa mzima. Katriji ya kiputo hupozwa na wino wake wenyewe. Ikiendelea kurusha hewa, vile vipande vya joto huungua, na hapo hakuna wino utakaoifufua.

Mwaka 2010 Epson walianza kuuza Indonesia, ambako watu walikuwa wamezoea kufunga chupa na mirija kwenye printa zao, printa yenye matangi ya kujazwa kwa chupa. Vizazi vyake ndivyo vile vya mfululizo wa L vinavyojaa kwenye steshenari zetu. Tangi ni angavu, wino unaonekana kwa macho, na mstari wa chini umechorwa: ukishuka chini yake, hewa huingia kwenye mirija.

Lakini hesabu haikuondoka. Wino wa kusafishia huishia kwenye sponji iliyofichwa ndani, nayo printa huikadiria tu, bila kuiona. Kikomo kikifika, hugoma kuchapa. Mafundi wengi huiriseti kwa programu na kumrudishia mwenyewe, namba ikiwa sifuri na sponji ikiwa imelowa chapachapa, hadi siku wino unapochuruzika juu ya meza. Ukimpelekea fundi printa iliyogoma hivyo, mwombe akuonyeshe sponji ya zamani ikiwa imetolewa kabla hajagusa kompyuta.