Taa za Breki Zinapokataa Kuwaka

Dereva wa lori aliye nyuma ya gari dogo hutambua kwamba breki zimekanyagwa kwa kuona taa nyekundu zikiwaka. Gari liendalo kilomita 72 kwa saa hukata mita 20 kila sekunde. Hivyo sekunde moja ya kuchelewa kutambua yaweza kugharimu maisha.

Volkswagen yenye umbo la kobe, ambayo ya mwisho iliundwa nchini Mexico mwaka 2003, yafaa kuwa mfano kwa sababu mzunguko wake wa umeme ni sahili. Umeme wa betri ya volti 12 hupitia swichi ya ufunguo na fyuzi hadi kwenye swichi ya breki, iliyofungwa katika silinda kuu. Pedali ikikanyagwa, shinikizo la mafuta ya breki huunganisha ncha za swichi hiyo. Mkondo hugawanyika kwenda katika balbu mbili, kisha hurudi betrini kupitia bodi ya chuma.

Mgawanyiko huo ndio msingi wa uchunguzi. Taa moja isipowaka, hitilafu imo baada ya njia panda: uzi wa balbu umekatika, au kishikio kimeshika kutu. Zote zisipowaka, ichunguzwe kwanza sehemu iliyo kabla yake, ingawa yawezekana balbu zote zimeungua, moja baada ya nyingine, bila dereva kujua. Fyuzi ikiwa nzima, ufunguo huwashwa na nyaya za swichi ya breki huunganishwa pamoja. Taa zikiwaka, swichi ndiyo mbovu.

Kutu hudanganya zaidi. Balbu ya wati 21 hupitisha ampia 1.75, yaani ukinzani wake ni karibu omu 6.9. Kutu ikiongeza omu 2 tu, na ukinzani wa uzi ukichukuliwa kuwa haubadiliki, mkondo hushuka hadi ampia 1.35 na nguvu ya balbu hadi wati 12.6. Taa inawaka, lakini juani haionekani vema. Dawa yake ni msasa.

Fyuzi iliyoungua kamwe isizibwe kwa karatasi ya pakiti ya sigara: waya utaungua badala yake. Kabla ya safari, mmoja akanyage breki, mwingine asimame nyuma atazame.